Maji shilingi 50 kwa ndoo, kuyatazama shilingi milioni

Nina ugomvi na dashibodi. Sisemi ya gari. Nasema ile skrini yenye grafu za rangi ambayo kila msimu wa projekti ukifika wenzetu wa mwaka wa mwisho huiwasha kwenye projekta siku ya kutetea kazi zao. Mistari inapanda, inashuka, mshale unacheza, walimu wanatikisa vichwa, ukumbi unapiga makofi. Na mimi hupiga. Ila tangu nirudi kutoka mafunzo kwa vitendo kule Ngara na Biharamulo, nikiona grafu inayojisasisha kila sekunde tano najiuliza kitu kimoja tu: hii nani atailipia wakishahitimu?

Maana nilichokiona kule ni kwamba vihisi (nitasema vihisi, kwa sababu nikisema "sensa" mtadhani nahesabu watu) haviuliwi na mvua na betri peke yake. Vinauliwa na bili. Na bili yenyewe ukiifungua ukaisoma mstari kwa mstari, hela ya kuhifadhi data ni senti. Kinachokula ni maswali. Kila skrini inapoiuliza kanzidata "tanki lina maji kiasi gani sasa hivi?", mita ya mwenye seva inazunguka huko aliko. Chuoni tunafundishwa kukusanya data. Kuiuliza kwa akili hatufundishwi, na pengo hilo linalipwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo chetu.

Kwa msiofika kule: Ngara ndiyo wilaya ya Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja, na Biharamulo iko jirani upande wa mashariki. Wengi mnaijua Ngara kwa habari za zamani, wakimbizi wa 1994 na kambi ya Benaco, au kwa nikeli ya Kabanga. Biharamulo mliisikia Januari 2025 ilipotangazwa kwamba Marburg imeingia. Mimi naikumbuka kwa milima na foleni za malori pale Nyakanazi. Kwa mtu wa vihisi, nchi ile ina tabia zake. Chanzo cha maji kiko bondeni, watu wako juu. Mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na ratiba. Na ukikaribia mpaka, Rusumo au Kabanga, simu yako inaweza kukukaribisha nchi ya jirani bila wewe kuvuka mto, halafu bando la kifaa chako likaondoka kwa bei ya msafiri.

Pale Rusumo penyewe kuna mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, kwenye maporomoko ya mto Kagera muda mfupi baada ya Ruvubu kuingia. Mtambo kama ule hauwezi kuishi bila kupima maji, na una wahandisi na bajeti ya kukaa na namba usiku na mchana. Hao siwasemei, wanajiweza. Nawasemea wadogo: kisima kirefu cha kijiji, tanki la maji ya mserereko, friji ya chanjo ya zahanati, kituo kidogo cha mvua kwenye shamba la kahawa. Huko ndiko projekti zetu zinakoishia.

Projekti niliyopelekwa ilikuwa ya matanki na pampu. Sitaitaja, wala mfadhili wake, wala kampuni ya wingu iliyokuwa ikiitumia. Vihisi 40, kila kimoja kinatuma kipimo kila dakika. Mfadhili alipomaliza muda wake, akaunti ya wingu ilikabidhiwa kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vile vyombo vilivyowekwa na sheria ya maji ya 2019 ambavyo vinakusanya hela ya ndoo, vinamlipa mlinzi wa pampu, vinanunua koki zikiharibika. Mweka hazina, mama mmoja mtaratibu sana, akaniletea karatasi ya bili. Nikamsomea. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hii hela ni ya kuleta maji au ya kuyatazama?"

Nikamjibu, "Ni ya kuyatazama, mama." Sikuwa na jibu jingine.

Bili yenyewe siichapishi hapa, si yangu. Lakini hesabu ya aina hiyo mnaweza kuirudia wenyewe kwa bei za wazi, na naomba mchukue kalamu, kwa sababu bila namba haya yote yatasikika kama kulalamika.

Vihisi 40, kipimo kimoja kwa dakika: 40 mara 1,440 ni mistari 57,600 kwa siku. Kwa mwaka ni 21,024,000. Inasikika nyingi. Mpe kila mstari baiti 100, inakuwa kama gigabaiti 2.1 kwa mwaka mzima. Flashi ya kawaida mfukoni mwako inabeba miaka kadhaa ya data hiyo. Sasa tuchukue Amazon Timestream, kanzidata ya wingu iliyotengenezwa mahsusi kwa data za mfululizo wa muda. Kwa bei yake ya awali, kuhifadhi data ya zamani ilikuwa dola 0.03 kwa gigabaiti kwa mwezi katika kituo chao cha Virginia. Data ya mwaka wetu mzima, basi, inalala pale kwa senti sita za dola kila mwezi. Hata bumu lililochelewa linaweza.

Upande wa maswali, bei ilikuwa dola 0.01 kwa kila gigabaiti inayosomwa ili kujibu swali, na hapa ndipo penye mtego: hata swali dogo kiasi gani, lilihesabiwa kuwa limesoma angalau megabaiti 10. Ukiuliza kipimo kimoja cha mwisho cha tanki moja, kitu cha baiti 100, unalipia megabaiti 10. Chukua dashibodi yenye grafu nane, inayojisasisha kila sekunde tano, imewashwa saa 24. Grafu nane mara 12 kwa dakika, mara 60, mara 24: maswali 138,240 kwa siku. Mara megabaiti 10, ni kama gigabaiti 1,382. Dola 13.82 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30, dola 415 kasoro kidogo.

Kwa dola moja shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya milioni moja. Na kama ndoo ya lita 20 inauzwa shilingi 50, kijiji kinatakiwa kuuza ndoo zaidi ya 20,000 kila mwezi ili skrini iendelee kucheza, kabla ya kununua koki hata moja. Senti sita za kuhifadhi, dola 415 za kutazama. Nani kati yetu aliwahi kuoneshwa uwiano huo darasani?

Na huo ndio upande wa upole. Hapo kila swali lilikuwa dogo. Ikitokea mmoja wa wale grafu nane ni "mwenendo wa mwaka mzima", na aliyeliandika swali hakuweka mpaka wa muda, basi kila sekunde tano linasoma gigabaiti zote 2.1. Mara 17,280 kwa siku. Grafu moja, dola 360 na ushee kwa siku. Kwa siku, jamani. Na mstari wenyewe haujasogea hata nukta, maana mwaka hausogei kwa sekunde tano.

Angalieni upuuzi ulivyo wazi: kihisi kinatuma kila dakika, skrini inauliza kila sekunde tano. Katika kila maswali 12, 11 yanarudishiwa jibu lile lile la awali. Ni kama kumpigia mama simu mara 12 kwa dakika kumuuliza kama ameshaivisha maharage.

Mtu atasema bei zimebadilika. Ni kweli. Mwaka 2024 Timestream waliacha kutoza kwa gigabaiti kwa wateja wapya, wakaanza kutoza nguvu ya kompyuta kwa muda inaotumika: kwa sekunde, na kila inapoamshwa kiwango cha chini sekunde 30. Juni 2025 huduma hiyo, kwa umbo lile la kwanza, ikafungwa kwa wateja wapya kabisa. Soma tena hiyo sekunde 30 ukiwa na dashibodi ya sekunde tano kichwani: kompyuta haipati nafasi ya kulala, unailipia usiku kucha wakati kijiji kizima kimelala. BigQuery ya Google nayo inatoza kwa kiasi kinachosomwa, terabaiti moja ya kwanza kila mwezi ni bure, na baada ya hapo ni dola 6.25 kwa terabaiti tangu 2023. Pale nafuu ni kubwa, ila mtego wake uko kwingine: inasoma safu wima ulizozitaja, kwa hiyo aliyezoea kuandika nyota kwenye SELECT analipia safu zote, na kuweka LIMIT 10 mwishoni hakumpunguzii kitu kwenye jedwali la kawaida. Data imeshasomwa, wewe umekatiwa kipande cha kuonja tu. Mlango unabadilika, tabia inayolipiwa ni ile ile.

Dawa yake haihitaji shahada ya uzamili. Karani wa AMCOS anayo.

Nendeni msimu wa kahawa mkamwone. Mkulima anakuja na magunia, karani anapima, anaandika jina, kilo, tarehe. Jioni anapiga mstari chini ya ukurasa na kuandika jumla. Kesho akiulizwa "tumepokea kiasi gani mpaka sasa?", harudi ukurasa wa kwanza kuanza kujumlisha gunia moja moja tangu msimu ufunguliwe. Anachukua jumla ya jana, anaongeza ya leo, basi. Na kurasa za nyuma hazichani, kwa sababu mkulima anaweza kuja kudai kilo zake za mwezi uliopita.

Ndivyo kanzidata inavyotakiwa kuishi. Unakuwa na jedwali moja dogo la hali ya sasa, mistari 40 tu, mstari mmoja kwa kila kihisi, kila kipimo kipya kinafuta cha zamani. Skrini ikitaka kujua tanki lina nini, inauliza hapo. Pembeni unakuwa na jedwali la muhtasari wa kila saa: mistari 960 kwa siku badala ya 57,600, pungufu mara 60. Grafu ya mwaka inasoma megabaiti 35 badala ya gigabaiti 2.1. Muhtasari unaandikwa mara moja kila saa na kazi inayojiendesha yenyewe. Timestream waliita maswali ya ratiba, kwenye PostgreSQL yenye kiendelezi cha TimescaleDB kuna jumla zinazojisasisha zenyewe, na kama huna kati ya hivyo, skripti ya mistari 20 na kron vinatosha. Data ghafi ya kila dakika inabaki, lakini haiguswi mpaka mtu awe na sababu.

Hata wakubwa waliligundua hilo. Facebook walipochapisha mwaka 2015 maelezo ya mfumo wao wa vipimo, Gorilla, walieleza kwamba angalau asilimia 85 ya maswali yalihusu data ya saa 26 zilizopita tu. Kampuni ile, na watu wote wale, maswali yao mengi ni ya jana na leo. Kwa hiyo wakaiweka data ya karibuni kwenye kumbukumbu ya haraka, wakaibana mpaka kipimo cha baiti 16 kikawa wastani wa baiti 1.37. Miaka 16 kabla yao, mwaka 1999, Tobias Oetiker wa Uswisi alikuwa ameshatoa RRDtool, ambayo faili lake halikui kamwe: data inavyozeeka inageuzwa wastani wa dakika, wa saa, wa siku, na mpya inaandikwa juu ya kuukuu. Ni programu ya zamani kuliko wengi wetu tunaosoma gazeti hili, na bado mtu anakuja na projekti ya 2025 inayosoma mwaka mzima kila sekunde tano.

Lakini hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu wengi wakishasikia "muhtasari" wanakimbilia wastani, na wastani ni mwongo mwenye sura nzuri.

Chukua friji ya chanjo. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Tuseme nusu ya siku ilikuwa nyuzi 2 chini ya sifuri na nusu nyingine nyuzi 12. Wastani wa siku: nyuzi 5. Safi kabisa kwenye grafu, rangi ya kijani, na ndani ya friji chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B zimeganda, zimekufa. Mtoto wa Nyakahura atachomwa sindano yenye maji tu na kadi itagongwa muhuri. Kama muhtasari wako wa saa una wastani peke yake, umeokoa dola na umepoteza sababu ya kuweka kihisi. Muhtasari wa maana unabeba kiwango cha chini, cha juu, wastani, na idadi ya vipimo vilivyofika. Hiyo idadi ya mwisho watu huisahau, nayo ndiyo inayokuambia kama saa ile ilikuwa tulivu au mtandao ulikuwa umekatika na unasoma vipimo vitatu badala ya 60.

Vile vifaa vidogo vya siku 30 ambavyo programu za chanjo huviweka ndani ya friji vinanipendeza sana kwa hili. Havina wingu lolote. Kifaa kinapima chenyewe, kinatunza cha chini na cha juu cha kila siku kwa siku 30, na kinatoa alama ya hatari kwa kanuni iliyoandikwa ndani yake: joto likizidi nyuzi 8 kwa zaidi ya saa 10 mfululizo, au likishuka nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Muuguzi anakisoma asubuhi na jioni kwa macho yake. Waliokitengeneza walikaa kwanza wakajiuliza swali gani litaulizwa, na nani, na mara ngapi, halafu ndipo wakaamua nini kitunzwe. Sisi tunaanza na kukusanya kila kitu, swali litajulikana mbele ya safari.

Na muhtasari una mtego wake mwingine ambao kitabuni huwa haupo ila kule Ngara ni wa kila wiki. Mtandao ukikatika, kifaa kinatunza vipimo na kuvituma ukirudi. Vipimo vya saa nane mchana vinafika saa mbili usiku, na muhtasari wa saa nane ulishapigwa mstari zamani. Kwa hiyo ile kazi ya kila saa isipige jumla ya saa moja tu na kusahau; irudie mara moja kwa siku saa zote za siku mbili au tatu zilizopita. Inagharimu kidogo, na bila hiyo grafu yako itaonesha kila mara mtandao ulipokatika kana kwamba maji yalikatika. Mlinzi wa pampu ataulizwa alikuwa wapi, bure.

Tahadhari za hatari, nazo, zisikae kwenye wingu kabisa. Sijui nani alianzisha mtindo wa kuuliza kanzidata kila sekunde chache "je, tanki limefurika?". Kifaa kiko juu ya tanki! Kinajua. Andika kikomo ndani ya kifaa, kikivukwa kitume meseji kwa mlinzi, ambaye ana kitochi na hajawahi kuiona dashibodi yenu. Kifaa hicho hicho kinaweza kufundishwa kunyamaza: tanki kubwa halibadiliki dakika kwa dakika, kitume kila dakika 15, na kabla ya hapo pale tu kiwango kinaposogea kwa kiasi cha kueleweka. Bando linapona, betri inapona.

Kuna wenzangu nilibishana nao kantini kuhusu haya, na hoja zao si za kutupa. Wa kwanza alisema chuo tunapewa mikopo ya bure ya wingu, kwa nini niumize kichwa? Microsoft kwa mfano wanampa mwanafunzi dola 100 za Azure za mwaka mmoja bila kadi ya benki. Sawa. Kwa ulaji wa ile dashibodi yetu ya dola 13.82, dola 100 zinaisha siku ya nane. Na hata zingetosha mwaka, mkopo ni wako wewe, si wa kijiji. Unachokizoea kwa hela ya bure ndicho utakachokipeleka kule.

Wa pili alisema tuachane na wingu, tununue seva ndogo tuiweke ofisi ya kata. Huyu nusu namkubali. Data ya gigabaiti mbili kwa mwaka kweli inakaa kwenye kompyuta ya ukubwa wa kiganja, na PostgreSQL haidai hela. Lakini kompyuta hiyo inataka umeme usiokatika, mtu wa kuiangalia, na nakala ya pili mahali pengine siku paa litakapovuja. Kule nilikokaa, wa kuiangalia ndiye aliyekosekana. Ningependelea mchanganyiko: muhtasari na hali ya sasa kwenye huduma ndogo ya bei ya kudumu kwa mwezi, ile ambayo ukiuliza mara moja au mara elfu bei haipandi, na data ghafi ikikandamizwa kila mwezi kuwa faili la kawaida, nakala moja kwao, nakala moja chuoni. Bei ya kudumu ina heshima yake. Kamati inaweza kuipigia kura kwenye mkutano wa kijiji.

Wa tatu, na huyu alinikera, alisema kama hela ni shida tufute data za zamani. Hapana. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji Ziwa Victoria. Mei 2020 ziwa lilipopanda mpaka kuvunja rekodi ya 1964, tuliweza kujua kwamba ni rekodi kwa sababu mwaka 1964 kuna mtu alikuwa ameandika. Maji yale yale yanayopita Rusumo yakifika Cairo yalikuwa yakipimwa kwenye kisiwa cha Roda, na kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 622, kwa sehemu kubwa namba mbili tu kwa mwaka, maji ya chini kabisa na maji ya juu kabisa. Mwingereza Harold Edwin Hurst alizitumia, akachapisha mwaka 1951 kazi ambayo hadi leo watu wa takwimu wanaitumia. Namba mbili kwa mwaka, karne na karne, na dunia imepata faida. Sisi na vipimo milioni 21 kwa mwaka tunashindwa kuvitunza kwa sababu skrini imekula hela yote?

Kule kwenye projekti tulianza na kitu rahisi kuliko vyote. Ile skrini kubwa ilikuwa imewashwa kwenye ofisi ambayo mfadhili alishaihama. Ilikuwa inauliza usiku na mchana, na hakuna aliyekuwa akiitazama. Fundi akaizima. Tukabadilisha kujisasisha kutoka sekunde tano kwenda dakika 15, kwa hesabu ile ya mfano ni kutoka maswali 138,240 kwa siku mpaka 768, kwenye pesa ni chini ya senti nane za dola. Tukatengeneza jedwali la hali ya sasa. Ilichukua siku mbili, na nusu ya siku ya kwanza tulikuwa tunatafuta nenosiri la akaunti, ambalo aliyeliweka alishapata kazi Dar.

Kwa hiyo naiomba idara, na serikali ya wanafunzi inisaidie kulipeleka, jambo moja kabla ya fomu za mapendekezo ya projekti kutoka. Fomu ile ina jedwali la bajeti ya vifaa: bodi, vihisi, waya, sanduku. Iongezwe safu mbili. Ya kwanza: mfumo huu utaiuliza kanzidata maswali mangapi kwa siku, na kila swali litasoma kiasi gani. Mwanafunzi apige hesabu kwa mkono, kama tulivyopiga hapo juu. Ya pili: baada ya siku ya utetezi, bili itaenda kwa nani, na huyo mtu ameshaambiwa ni shilingi ngapi.

Panelisti nao, dashibodi inapocheza pale ukutani, wamwambie mwanafunzi azime kujisasisha kwanza, halafu waendelee na maswali yao.